Pampu Mbili za Boti ya Delmar

Kwa miaka ishirini na sita Verna Kuhlmann alisimama nyuma ya kaunta ya duka la spea za boti, kando ya Ziwa la Ozark huko Marekani, na watu wote wa ziwa lile walimsikiliza isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

Madaktari wa meno, mafundi bomba, wachungaji, matajiri wa mji wa St. Louis wenye boti za injini mbili mbili, wote waliegemeza viwiko pale kaunta na kuuliza: "Bi Verna, boti inazima kwenye joto, nifanyeje?" Naye aliwajibu bila hata kuinua macho. Toa pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini, weka ya umeme. Ifunge chini, isukume petroli badala ya kuinyonya, maana petroli ya kunyonywa ikipata joto inageuka mvuke kwenye bomba na injini haipati kitu. Na usisahau swichi ya kuizima pampu pale injini inapozimika, la sivyo itaendelea kumwaga mafuta huku boti inaungua. Walinunua, walifunga, walirudi na shukrani.

Sasa njoo kwa Delmar, mumewe. Fundi umeme mstaafu, jamani. Ukimtajia pampu ya umeme anakutazama kama umemtukana mama yake.

"Umeme naujua," husema. "Ndiyo maana siuamini."

Boti yake ilikuwa nyembamba, ndefu, ya mwaka sabini na nane, na injini kubwa kupita akili. Kila Agosti aliiingiza kwenye siku ya mbio ya chama cha wenye boti wa ghuba yao. Kanuni ni rahisi: unakimbia mara mbili katika saa moja, wanachukua wastani wa mwendo, na anayeshinda jina lake linaandikwa kwa rangi kwenye ubao wa ukumbi wa chama. Mara ya kwanza Delmar aliruka juu ya maji vizuri kabisa. Kisha alisubiri zamu ya pili kwenye foleni, jua linamchoma, injini inatokota chini ya kifuniko, na akigeuza ufunguo, kimya. Miaka kumi na tisa hivyo hivyo. Huinama kwenye chumba cha injini, makalio juu, akibana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la mafuta, eti mti unavuta joto, kama alivyofundishwa na mjomba wake, na taulo yenye barafu juu ya pampu. "Dakika tano tu," anasema. Watu wanakula kambare wa kukaanga na kumpa pole Verna. Hizo pole ndizo zilizokuwa zikimuua.

Mwaka huu Delmar alikuwa na miaka sabini, na chama hakimruhusu dereva akivuka hapo. Hii ilikuwa Agosti yake ya mwisho. Verna alimwomba kwa upole, akamwomba kwa ukali, akaacha kumpikia siku mbili. Mzee alikula mkate na siagi ya karanga akipiga mluzi.

Jumatano Delmar alipokwenda kwa daktari wa macho, Verna alichukua pampu ya umeme rafuni, akaifunga kwenye boti kwa mikono yake, na swichi yake, chini kabisa mahali ambapo mzee mwenye mgongo mbovu hawezi kuchungulia. Ile ya zamani aliiacha pale pale na mabomba yake, ila kwa ndani ameyaziba. Mlio wa pampu mpya haukumtia wasiwasi, maana masikio ya Delmar yalikwisha zamani kwa kelele za injini. Alinawa mikono akaenda kazini, amemkasirikia hata zaidi, kwa kumfanya mtu mzima ajifiche kama mwizi kwenye boti ya nyumbani kwake.

Jumamosi joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Delmar akakimbia maili tisini na nne kwa saa. Akasubiri dakika arobaini, na vibanio vyake, na taulo yake. Akageuza ufunguo, injini ikanguruma palepale, akaenda maili tisini na saba. Kabla ya saa kumi Burl Stegeman, mwenyekiti, alikuwa ameshachora jina lake ubaoni, na Delmar ameshika kipaza sauti.

"Mke wangu," alisema, "ameniuzia maneno miaka kumi na tisa. Leo pampu ya mzee imejibu. Bi Verna, kale kamtambo kako karudishe rafuni."

Watu mia tatu wakaangua kicheko. Verna, safu ya mbele, alicheka nao na kupiga makofi, na moyoni alitamani kumrushia sahani.

Jumatatu, hata saa nne haijafika, watu wanne walikuwa wameshamwagiza pampu za kizamani za kuendeshwa na injini. Wa tano alikuwa Clete Rademacher, ambaye Verna mwenyewe alimuuzia ya umeme miaka miwili nyuma. Alikuja kuirudisha.

"Yako ina tatizo gani, Clete?"

"Haina tatizo, Bi Verna. Ila nimeona ya Delmar."

"Umeona nini cha Delmar?"

"Si nilikuwepo pale, kwa macho yangu."

Kabla Verna hajapata la kumjibu lisilo tusi, mlango ukafunguliwa. Delmar aliingia na pampu yake ya zamani mkononi, akaigeuza juu chini kwenye kaunta, akaitikisa. Halikudondoka hata tone.

"Nimeifungua niiweke sebuleni kama kombe," alisema. "Kavu. Tangu lini?"

"Jumatano," alijibu Verna.

Delmar alimgeukia Clete. "Nenda nyumbani na pampu yako, bwana. Inafanya kazi." Akatoka.

Verna hakuwa amewahi kuacha kaunta saa za kazi. Siku hiyo aliiacha, na Clete ameduwaa, akamfuata hadi ukumbini. Alimkuta mumewe amepanda juu ya kiti kibovu, kitambaa kimelowa tina ya kufutia rangi, jina lake ubaoni limebaki nusu.

"Delmar, shuka. Hakuna kanuni inayokataza pampu ya umeme."

"Najua. Nilikuwa kwenye kamati iliyoziandika."

"Usukani ulishika wewe. Zile maili ni zako. Basi kinakuuma nini? Nimechoka na wewe, unasikia? Miaka kumi na tisa nataka kuliona jina hilo hapo, linakaa siku mbili tu na unalifuta. Mwakani hawatakuruhusu."

"Mwakani hawataniruhusu," alikubali, akiendelea kusugua.

"Ni kichwa kigumu tu. Nenda kawaambie watu ulikosea kuhusu pampu, wacheke, yaishe."

"Kukosea nimezoea. Wamenicheka miaka yote hiyo, nikala nao kambare." Alifikia herufi ya mwisho. "Lakini juzi nilisimama na kipaza sauti nikasema upuuzi mbele ya watu wote, na mtu mmoja tu alijua ni upuuzi. Alikuwa amekaa safu ya mbele."

Verna akasogea karibu na kiti.

"Ulinipigia makofi, Verna."

Mwanamke huyu alikuwa na jibu la boti ya kila mtu ziwani. Kiti kilikuwa kinayumba, akakishika mguu kwa mikono miwili ili mzee asianguke.