Alhamisi Niliyosema Nimefunga

Jamani, haya ninayowasimulia hata mama yangu hajayasikia, na akiyasikia nitajua yametoka kwa mmoja wenu. Nasomea shahada ya afya na ustawi (baba pale Mikindani anawaambia watu binti yake anasomea udaktari, nimechoka kumrekebisha), na mwaka wa tatu tukapelekwa fildi vijijini, mimi nikaangukia Ziwani, nyumbani kwa Bi Somoe, mama mjane anayelima korosho na mihogo.

Alhamisi hiyo msimamizi wangu wa chuo alikuwa anakuja kunikagua nikiwafundisha akina mama, na bila alama zake ningerudia mwaka. Asubuhi Bi Somoe akaniwekea mihogo ya kukaanga inayong'aa mafuta, na mimi msomi, niliyeanza kuogopa mafuta tangu mwaka wa kwanza, nikaona aibu kukataa, nikasema, "Mama, leo nimefunga."

"Mungu akukubalie, mwanangu," akasema, akafunika sahani. Nikajiona mjanja kweli.

Sasa Bi Somoe jambo jema hawezi kukaa nalo. Mpaka saa mbili kijiji kizima kilishajua mwalimu kafunga sunna: mmoja kaninyang'anya ndoo nisibebe, mwingine kataka nimwombee dua mwanawe anayefanya mtihani, na maji hakuna aliyethubutu hata kuyataja mbele yangu. Ilipofika saa nne tumbo linanguruma, jua la kwetu mnalijua, nikazunguka nyuma ya ofisi ya kijiji penye mikorosho, mabibo yameiva mpaka yanaanguka yenyewe. Nikala manne, matano (sikuhesabu, nilikuwa nageuka geuka kama mwizi), maji yake yananichuruzikia kwenye koti jeupe.

Na somo langu lilikuwa nini? Umuhimu wa kifungua kinywa.

Nikasimama, msimamizi kakaa mbele na karatasi zake, nikaanza, "Mama zangu, mtu asianze siku bila..." koo likakereketa, nikakohoa, nikajaribu tena, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Mabibo hayo," akasema bibi mmoja wa nyuma, wala hakuwa na ubaya. Pale kila mtu amekikohoa kikohozi kile tangu utotoni. Macho yote yakashuka kwenye koti langu.

Msimamizi akaacha kuandika. "Mbona mwenyekiti wa kijiji kaniambia umefunga?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alama ndio hizo zinakwenda, na akina mama hawa ndio niliokuwa nawaomba waniamini, waje niwapime presha.

Bi Somoe akainuka, akakaza kanga yake. "Baba, asubuhi alikuwa kafunga. Saa hizi hafungi. Mambo ya kike hayo, au unataka tukueleze?"

"Eeee!" wakaitikia akina mama wote kwa pamoja, na yule bwana akainamia karatasi zake, hakuinua uso mpaka mwisho. Nikaletewa maji, nikamaliza somo, na alama nikapata.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia ukweli wote, kichwa chini. Kumbe alishaujua tangu nilipoanza kukohoa.

"Ungesema hutaki mafuta, mwanangu," akaniambia, "ningekuchemshia."

Angenigombeza ningevumilia, lakini hapo nililia kama mtoto. Miaka mitatu nasomea namna ya kuzungumza na watu kuhusu chakula chao, nikashindwa kumwambia mama mmoja sentensi moja, na yeye akasimama mbele ya mgeni akanibebea uongo wangu ili nisome hadi mwisho. Namshukuru mpaka leo, na bado naona sijamshukuru vya kutosha.

Kwa hiyo naapa mbele yenu: nikiandaliwa chakula nisichokitaka nitasema sikitaki, na sitamtaja Mungu kwa jambo ambalo ni langu mwenyewe. Na cheti kikitoka, kabla hakijafika Mikindani, kitapita Ziwani akishike Bi Somoe.