Philomène na Kijiji Kilichojificha

Philomène alikuwa mchoraji wa ramani hapa Likasi, na katika ofisi yetu hakuna aliyeandika majina ya mito na milima kwa mkono mzuri kama wake. Mimi na yeye tulichorea meza moja miaka mingi. Mbele ya wakubwa hatukuthubutu kumwita hivyo, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali, lakini tukibaki wenyewe nani alijisumbua na jina jipya? Alikuwa binti wa wakulima wa bonde la Lufira, mbali kidogo chini ya bwawa la Koni. Kila likizo alikwenda kwa mama yake, Mama Berthe, na kurudi na kikapu cha samaki wakavu waliotia harufu ofisi nzima.

Mwaka wa 1979, mwezi wa Novemba, watu wa chuo kikuu walituletea semina ya ramani na picha za angani. Kwanza tulicheza. Ndiyo, kucheza! Hakuna mkutano uliofunguliwa bila nyimbo za kumsifu Mwongozi, yaani rais, basi watu wazima ndani ya abakosti zao, yale makoti ya kuvaliwa bila tai, wakakata viuno asubuhi nzima, profesa akiwa mbele na tumbo lake likimtangulia. Kisha hotuba, kisha bia. Elimu yenyewe ilikuja watu wakiwa wameanza kusinzia.

Sikatai, ilikuwa elimu nzuri. Unaweka picha mbili chini ya kioo cha macho mawili, unainama, na ghafla vilima vinainuka na mabonde yanazama. Philomène alicheka kwa furaha alipoona. Furaha hiyo haikufika jioni.

Profesa alieleza kazi ya semina bila aibu. Tungechora ramani ya bonde la Lufira, na mahali patakapoonekana hapana watu, mkubwa mmoja wa Kinshasa angepewa afuge ng'ombe wake. Wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kupaka rangi ya njano sehemu zote tupu. Philomène akatafuta kijiji cha mama yake. Njano. Picha zilipigwa wakati wa kiangazi, wakati nusu ya kijiji imehamia kambi za uvuvi na mashamba yamechomwa moto kungoja mvua. Kwa macho ya ndege, palikuwa majivu na nyasi, maana hata mapaa yalikuwa ya nyasi.

"Pale kuko batu, citoyen professeur," alisema, maana kwa amri kila mtu aliitwa citoyen, raia. "Mama yangu iko pale."

"Mais enfin, citoyenne! Foto ilishaona. Minye siwezi kubishana na foto."

Alimng'ang'ania mpaka mzee yule, kwa kuchoka, akakubali kwenda kuhakikisha Ijumaa. Jumapili kabla ya hapo Philomène alikwenda kijijini, kisha akarudi kazini. Aliwaomba wote wakae nyumbani, wawashe moto, watoto wasimame barabarani, waonekane, lakini habari za ng'ombe hakuwaambia, asije akawatisha. Mama Berthe aliitikia vizuri tu.

Ijumaa tulifika na Land Rover. Hapakuwa na mtu, hata kuku. Milango ilikuwa imeng'olewa, majiko yamemwagiwa maji. Nilielewa mara moja, na nikajiona mjinga kwa kutokuelewa mapema. Kila gari la serikali, la Leta kama wao walivyosema, lilipofika kule lilifuata pesa za kadi za chama, au mbuzi, au vijana wa kazi ya lazima, na asiyekimbia alijuta. Watu wale walikuwa wamejifunza kutoweka kama sisi tulivyojifunza kucheza.

Philomène alikimbia huku na huku akiita majina. Alichota majivu ya jikoni, akamletea profesa. "Tazama, yameloa bado! Twende tu mpaka mashambani, muhogo umekwisha kumea."

Profesa alitazama nyasi ndefu, akatazama viatu vyake. Akafungua chupa yake ya bia, akanywa, kisha akaenda kukojoa kwenye ukuta wa jiko la Mama Berthe, akipiga mluzi.

"Bon," alisema akifunga suruali. "Kijiji kilishaachwa. C'est clair."

Nilitema mate chini, akadhani ni vumbi.

Tuliporudi Likasi, profesa alimwamuru Philomène aandike kwenye ramani kwamba pale hapakaliwi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri. Alilaza kalamu mezani. Mwanafunzi mmoja akaandika badala yake, na tukacheza tena kufunga semina. Philomène peke yake alisimama kando ya ukuta.

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza kwa mama yake kwa miguu kutoka barabara kuu. Tulimkuta Mama Berthe mlangoni, akirudisha mlango mahali pake.

"Mama, juu ya nini mulijificha? Niliwaomba!"

"Eh, mutoto! Motokari ya Leta ikikuya, muntu anakimbia. Weye ulishasahau?"

"Sasa banaandika kwa ramani asema hapa hamuna batu."

Mama Berthe aliuacha mlango. "Banaandika kweli?"

"Kweli, mama."

"Na Leta yote itaona ile ramani?"

"Yote."

Bibi yule alipiga makofi, akageukia porini ambako majirani walikuwa bado wamejificha na mbuzi wao. "Mutoke, batu yangu! Mutoke! Leta inasema hatuko! Haitarudia hapa tena!"

Wakatoka, wanaume, wanawake, watoto, mbuzi, wakipiga vigelegele. Philomène alifungua mdomo awaambie habari za ng'ombe wa mkubwa, lakini mama yake alikuwa amekwisha kumkumbatia kwa nguvu, machozi ya furaha yakimtiririka.

"Aksanti, mutoto yangu," alisema. "Weye njo ulituokoa."