Kiambaza cha Hondohondo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa sikuweza kupita chini ya mti bila kuinua kichwa. Bibi alisema shingo yangu itapinda, halafu kuni ataletewa na nani? Kila asubuhi alinituma kuokota kuni kwenye barabara ya zamani, ile iliyopanda mlima wetu huko Kondoa kabla lami haijapitishwa bondeni. Magari yalishaihama. Matawi yalikuwa yamekutana juu yake, na ndege wameirithi. Nilijua nani analala mti gani, na nilijivunia jambo hilo kama mtu mwenye ng'ombe zizini.

Mwaka huo, mvua zikiwa nyingi, mama alijifungua mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa fundi wa kujenga, yuko Dodoma mjini, Nkuhungu, anajengea watu nyumba. Kwa hiyo mwenye kauli nyumbani alikuwa Bibi, mama yake baba, na kwa Bibi arobaini ilikuwa arobaini. Mzazi hatoki, haoni jua, hapigwi na upepo. Dirisha la chumba cha mama lilizibwa kwa gunia. Uji wa uwele niliupitisha mimi kwenye upenyo wa mlango, na mkono wa mama ukaupokea gizani. Bibi hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Mtoto wake wa kwanza alifariki baada ya yeye kwenda kupalilia kabla siku zake hazijaisha, na tangu hapo hakuwahi kujisamehe.

Siku hizohizo niliona kiota cha hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa uliopinda. Shimo la mti kando ya barabara lilikuwa limekandikwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu. Dume lenye mdomo mwekundu lilikuja na panzi, likampenyeza kwenye ufa, na ncha ya mdomo mwingine, mweusi, ikampokea. Nilikimbia kumsimulia Bibi. Hakucheka.

"Usiguse pale, Mwajuma. Anayebomoa kiambaza cha hondohondo, nyumba yake haimlindi tena mzazi aliyemo. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kila nilipolitazama lile dume nilizidi kulichukia, maana niliamini limemfungia mkewe. Siku ya tatu nilipanda juu ya jiwe, nikachokonoa udongo kwa kijiti mpaka ukaporomoka.

"Toka," nilimwambia yule jike.

Hakutoka. Alikuwa ameyalalia makinda yake, mabawa yake hayana manyoya ya kurukia, amenikazia jicho. Nilitimua mbio, kuni nikaziacha palepale.

Kesho yake mama alishikwa na homa.

Siku mbili alitetemeka. Bibi alichemsha mizizi, akasoma dua, akamwongezea blanketi, lakini mlango ulibaki umefungwa. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mlima, na siku zilizobaki zilikuwa ishirini na nane. Wanawake wa jirani walikaa uani wakiafikiana: akitoka, upepo utammaliza. Mimi nilijikunyata nje ya lile dirisha la gunia, najua ninachokijua. Nikisema, watajua nimemuua mama. Nisiposema, nimemuua vilevile.

"Mwajuma," mama aliniita kupitia gunia, sauti imemkauka. "Nje kuna jua?"

"Lipo, mama."

"Limefika wapi?"

"Kwenye paa la jikoni."

Swali hilo la jua ndilo lililonishinda. Nilikwenda uani, nikapiga magoti mbele ya wanawake wote.

"Bibi, nilibomoa kiambaza cha hondohondo."

Wanawake walishika vinywa. Nilingoja kofi. Bibi alinitazama, kisha akautazama mlango, akautazama kwa muda mrefu.

"Lini?"

"Siku moja kabla mama hajaugua."

Alisimama, akakaza kanga kiunoni. "Jamani, mmesikia wenyewe. Nyumba haimlindi tena. Sasa tukimweka humo ndani, tunamlindia nini?"

Wangemjibu nini, na miiko ni ileile waliyokuwa wakiishikilia? Bibi alinigeukia. "Kimbia kwa Mzee Issa, mwambie afunge ng'ombe kwenye mkokoteni. Haraka!"

Tulipanda kwa barabara ya zamani, mama amelala kwenye godoro, kanga juu ya macho, kichanga kwa Bibi. Tulipoukaribia ule mti nilificha uso, kisha nikachungulia. Shimo lilikuwa limezibwa upya. Udongo ulikuwa mbichi, ufa umeachwa uleule, na dume limeng'ang'ania gome, lina panzi mdomoni. Nani aliyewajengea? Nilitaka kuuliza, lakini Bibi alikuwa akisoma dua.

Mama alichomwa sindano, akalazwa siku tisa, akapona. Mdogo wangu sasa ana ndevu.

Siku hizi naishi Nzuguni, na kila masika narudi kule na darubini yangu. Bibi ametangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumuuliza kama aliamini alichokisema uani, au alikuwa akingoja mtu ampe sababu ya kufungua mlango bila kubishana na ulimwengu mzima. Nadhani yote mawili yalikuwa kweli.

Mwaka jana nilikwenda na mama. Nilimwonyesha kiota kingine, nikamweleza nililojifunza ukubwani: jike hujifungia mwenyewe, akikandika udongo kutoka ndani. Mama alitazama kwa darubini mpaka nikadhani amesinzia.

"Hata mimi," alisema, "komeo la chumba kile lilikuwa upande wangu."

Nilishtuka. "Mbona hukufungua, mama?"

"Ningefunguaje, mwanangu? Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie, toka."

Nilichukua darubini, nikajifanya naifuta kioo. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu wiki ile. Nilikuwa nimemwambia ndege.