Tenga la Bibi Lililovuka Ruvuma

Sisi tuliokulia kando ya Ruvuma enzi zile hatukuwa na bomba, friji wala televisheni. Mto ulikuwa vyote hivyo. Tulioga humo, tulivua humo, na jioni tulikaa ukingoni kutazama watu wa ng'ambo, Msumbiji, wakihangaika na mbuzi wao. Muhogo mchungu nao tuliuloweka humo humo hadi ulainike na uchungu utoke. Leo watoto wangu hapa mjini, Chuno, wakisikia harufu yake wanaziba pua, halafu wanakula chipsi za jana.

Bibi yangu alizaliwa juu Newala, kwenye shida ya maji, kwa hiyo mto aliuamini kupita kiasi. Wiki ambayo watu wa ng'ambo walikuwa waje kumposa shangazi Somoe, alilifunga tenga la muhogo wa wageni kwenye kijiti majini. Babu akamwonya, "Mama Somoe, hii bamvua! Maji ya bahari yatapanda mpaka hapa."

"Mto gani unarudi nyuma?" Bibi akamjibu.

Asubuhi hapakuwa na tenga wala kijiti. Shangazi alilia kwa uchungu, maana alimpenda yule kijana, na sasa wakwe wangefika wakute jiko limelala.

Wakafika kwa mtumbwi. Mshenga alitangulia, tenga kichwani. "Zawadi kutoka shambani kwetu," akasema. "Tumelima kwa mikono yetu."

Ubavuni mwa tenga kulikuwa na kiraka cha kanga nyekundu ya Bibi. Sote tulikiona. Shangazi, nyuma ya mlango, akaziba mdomo. Ulimi wa Bibi ulijulikana kijiji kizima, na akiwaumbua wageni, posa imekwisha.

Bibi akalizunguka tenga polepole. "Shamba lenu lina rutuba jamani. Linaotesha hadi kanga yangu!"

Mshenga akapaliwa na mate. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, upikwe tule. Mto umewapa muhogo wangu bila kuniuliza, mimi niwanyime mwali kwa lipi?"

Shangazi yuko ng'ambo hadi leo. Juzi mjukuu wake alinipigia simu kunieleza kuwa amechumbia mtandaoni. Nikamuuliza, ukweni umepeleka nini?

"Mjomba, nimewatumia picha ya keki."

Nilimpongeza, nikacheka, kisha nikamkumbuka Bibi, moyo ukaniuma. Keki ile hata bamvua haiwezi kuichukua, na hakuna mshenga atakayeirudisha kichwani akidai ni yake.