Robo na Injini Asizozisikia

"Hivi mdogo wako ana nini na mimi?" jirani yangu wa mlango wa pili aliniuliza siku moja tukianika nguo. "Namsalimia asubuhi, kimya. Namsalimia jioni, kimya. Nimemkosea nini?"

Nilicheka, ingawa si jambo la kucheka. "Hujamkosea, mama. Hakusikii. Msimamie mbele akuone, utachoka wewe kwa maneno yake."

Mdogo wangu huyo ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na hana kiburi hata chembe. Ujana wake wote aliumaliza kwenye mashine ya kusaga nafaka, amesimama pembeni ya injini inayonguruma kutwa, na ile injini ikamla masikio polepole, kama panya anavyotafuna kona ya gunia. Alipoacha kazi hiyo alikuwa anasikia kwa kubahatisha. Hospitali wakampa kifaa cha sikioni. Akakivaa, akakivua. Alisema kinamletea sauti ya kitu kinachokaangwa, na yeye hawezi kuishi ndani ya kikaango.

Kazi anayoifanya sasa ni ya magari madogo. Sisemi ya kuchezea watoto, maana nikisema hivyo hununa. Ni magari ya kutosha kukaa juu ya meza, yanaendeshwa kwa rimoti, lakini ndani yana injini ya kweli inayokunywa mafuta ya kweli, spiriti kali iliyochanganywa na oili na dawa ya kuipa nguvu. Wenyewe ni watu wazima wenye kazi zao. Jumamosi hukutana kwenye uwanja wa udongo nyuma ya karakana ya matofali, wakashindana mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Yeye ndiye fundi wao. Humwita Robo, kwa sababu skrubu ya kabureta haizungushi zaidi ya robo ya mzunguko hata umlilie.

Anakaa chumba cha uani kwangu. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa. Gari likirudi kutoka uwanjani halali kabla hajamaliza mafuta yaliyobaki kwenye tangi, akachomoa plagi, akatia matone ya oili ndani ya injini na kuizungusha. Anasema mafuta yale huvuta unyevu, na gari likilala nayo tumboni linaamka na kutu. Kisha anaosha chujio la hewa na kusugua vumbi kwa mswaki. Miswaki yangu yote ya zamani imeishia huko, na mmoja mpya.

Shida ni kwamba injini hizi mafundi huzirekebisha kwa sikio. Skrubu ya kabureta ndiyo inayopima mafuta. Ukiibana mno, injini inakosa mafuta, inapata moto na kulia kwa sauti nyembamba, na fundi akiisikia huifungua upesi. Robo hakuisikia. Siku moja alikuwa ameinama juu ya gari la mwenye duka la vioo, skrubu ameikaza, gari linapiga mayowe hadi watu wanaziba masikio, na yeye anatabasamu akidhani limetulia. Likazima lenyewe. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, haiendi mbele wala nyuma. Injini imenoki, ndivyo wasemavyo.

Mwenye Vioo si mtu mbaya. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini kana kwamba ndani kuna mgonjwa, "Dada, mwambie apumzike. Tutatafuta fundi mwingine."

Nilikwenda kumwambia nikiwa nimesimama mbele yake, ayaone maneno mdomoni.

"Apumzike nani?" akauliza. "Nimelalamika kuchoka?"

"Ni masikio yako, mdogo wangu."

"Masikio yamekufa, dada. Mimi sijafa."

Nilikwenda kwa Mwenye Vioo kumwombea, maana nilijua akiondolewa kwenye ile meza atabaki anaangalia ukuta, na ukuta haumjibu mtu.

Kesho yake alitoa gari lake mwenyewe uani. Alitaka kujifunza upya kazi anayoijua, safari hii kwa macho na vidole. Mimi nilikuwa sikio. Anawasha, anaweka vidole viwili kwenye bamba la chini kusikiliza mtetemo, anatazama moshi unavyotoka, kisha ananiuliza, "Inaliaje?"

"Kama nyuki."

"Nyuki yupi? Anayetafuta maua au aliyekanyagwa?"

"Aliyekanyagwa."

Basi anafungua skrubu kidogo, moshi unakuwa mzito, anatikisa kichwa kukubali, anauweka moyoni. Hata mimi nikajua. Moshi ukiwa mwembamba hadi hauonekani, injini ina njaa. Ukiwa blanketi, imeshiba mno na gari litajikokota. Halafu kuna tone la maji. Analidondosha juu ya kichwa cha injini. Likitoweka papo hapo, moto umezidi. Likikaa tu kama limesinzia, bado baridi. Linatakiwa lichemke, liondoke taratibu, kwa muda wa mtu kusema, "Ee Mungu, utusaidie leo na kesho." Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nayasema kweli, tukaona yanatosha.

Jirani alichungulia ukutani. "Yeye hasikii, sawa. Na sisi tunaosikia je?"

"Vumilia, mama."

"Navumilia. Ila mwambie huyo nyuki wake apate chakula cha mchana, apumzike."

Robo alipoona mikono yake haibahatishi tena, alikwenda dukani kwa Mwenye Vioo akaomba lile lile gari lililonoki. Alinunua pistoni na silinda mpya kwa gharama yake, akazifunga, akasema ataliwasha Jumamosi mbele ya wote. Likimshinda, atawakabidhi vifaa vyao na kukaa nyumbani.

Jumamosi nilikwenda naye. Wenzake walimkaribisha kwa kupiga kelele, kila mmoja akimsogelea sikioni.

"Mbona mnabweka?" akawaambia. "Nimekuwa kiziwi, sijahamia mwezini."

Pistoni mpya hubana sana sehemu ya juu ya silinda ikiwa baridi, kwa hiyo alipasha injini kwa draya yangu ya nywele. Mmoja akasema, "Leo gari linatoka saluni!" Wakacheka, nami nikacheka. Akaunganisha betri ya kupasha plagi, akavuta kamba ya kuwashia kwa mivuto mifupi. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Safari ya tatu kamba ikagoma kabisa.

Mwenye Vioo akanyoosha mkono kulichukua gari lake. Robo akausukuma ule mkono polepole, bila hasira. Akafungua plagi, akapindua gari tumbo juu, akavuta kamba, na mafuta yakaruka kama mate ya mtoto. Injini ilikuwa imekunywa kupita kiasi. Akafuta kila kitu, akarudisha plagi, akavuta. Likawaka.

Kwa masikio yangu lilikuwa linalia vizuri, lakini nilikaza midomo. Ilikuwa kazi yake.

Aliacha gari lizunguke kidogo, akaliita lirudi. Akaweka vidole kwenye bamba. Akadondosha tone, likatoweka kabla sijafika kwenye "utusaidie." Akafungua skrubu, kidogo tu.

"Wee, usifungue!" Mwenye Vioo alipaza sauti mbele ya uso wake. "Sauti imeshakuwa nzito! Litakuwa konokono!"

"Peleka," Robo akasema, akimpa rimoti.

"Nakwambia linalia kama ng'ombe!"

"Peleka tu."

Mwenye Vioo akapeleka, amenuna. Gari likaingia kona ya kwanza na kutoka likitupa udongo, nyuma likiacha uzi wa moshi wa buluu. Likazunguka uwanja, likazunguka tena, yule bwana akasahau kununa. Lilipokuja kusimama, tone la pili lilichemka taratibu nami nikamaliza ombi langu lote.

Mwenye Vioo akaweka rimoti chini. Akaja akasimama mbele ya mdogo wangu, akasema bila kupiga kelele, "Linavuta kuliko mwanzo. Baki na sisi. Unataka tukufanyie nini?"

"Anataka masikio!" mmoja akadakia nyuma, lakini Robo hakumwona.

Alijifuta mikono kwenye kitambaa, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Msiniambie gari linaliaje," akasema. "Niambieni linavuta vipi."