Jino la Chapuchapu

Sisi tuliokulia kijijini Puge wakati wa Mwingereza hatukujua habari za paka wa kulala kitandani. Kwetu tulifuga nguchiro. Baba alimwokota angali kitoto kwenye shamba la karanga, na kwa kuwa nyoka walikuwa wengi na nguchiro huwaua, Mama alikubali akae. Tukamwita Chapuchapu. Aliiba mayai, alinuka kama gunia bichi, na alipolala mapajani mwangu nilisikia moyo wake ukienda mbio. Alikula tulichokula: uji wa mtama, na matobolwa, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, tulivyomchovyea asali kwa mapenzi.

Kiangazi kimoja aliacha kula. Shavu likavimba, udenda ukamchuruzika, na nilipomgusa alinitolea meno. Jirani yetu, Mzee Kasanda, alipomwona alirudi nyuma.

"Hicho ni kichaa," alimwambia Baba. "Muue kabla hajauma mtoto."

Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata kijana wa kijiji cha pili, na sote tulisikia alivyokufa. Baba akachukua jembe.

"Baba Maria, subiri kidogo," Mama alisema. "Mfunike, tumwekee maji. Mwenye kichaa hayawezi maji."

Baba akamfunika kwa tenga, akaweka jiwe juu, akasukuma kibakuli cha maji ndani kwa fimbo. Tulikatazwa kusogea. Nilikaa mlangoni nikisali Salamu Maria na kuchanganya maneno. Mchana kutwa Chapuchapu hakuyagusa maji. Mzee Kasanda akapita tena, akatikisa kichwa. Jua lilipoanza kushuka, Chapuchapu akainama, akalamba maji taratibu, kwa upande mmoja tu wa mdomo.

"Masikini, ni jino!" Mama akasema.

Baba alijiviringisha ngozi ya mbuzi mikononi, akambana. Mama akashika koleo la baiskeli. Jino la nyuma lilikuwa jeusi, ufizi umejaa usaha. Lilipong'oka, mnyama alilia kama mtoto, nami nikalia kumshinda.

Hata hapo hofu haikuniacha. Je, kama mzee alisema kweli? Kila asubuhi nilichungulia tengani, alikorudishwa, roho mkononi, mpaka siku niliyomkuta anatafuna panzi, karakacha, karakacha. Nilikimbia kumwita Mama.

Asali ikapigwa marufuku. Akawa anakula panya, panzi na shingo za kuku, nami kila Jumapili baada ya misa nilimpandisha mdomo kwa kidole nikague meno.

Leo wajukuu zangu wana paka anayelishwa biskuti na maziwa ya kopo. Nikimfungua kinywa wananicheka: "Bibi, paka naye anaumwa meno?" Daktari wa mifugo wanaye kwenye simu. Lakini waulize paka wao anatafunia upande gani, watatazamana.