Dereva Aliyekwama kwa Kiingereza

Wiki hii, kwenye kaunta ya wasafirishaji hapa Lubumbashi, mama mmoja mfanyabiashara alikuja kuulizia vitunguu vyake. Karani akampigia dereva aliyekuwa navyo mpakani, Mzambia, na kuweka spika ili sote tusikie.

"Boss, I'm in a jam," dereva akajibu.

Mama akakunja uso. "Jam? Ile ya kupakala ku mukate?"

"Hapana, mama. Ku Kingereza njo kusema anakwama."

"Anakwama wapi, fasi gani?"

Kwenye simu tukasikia muziki, chupa zikigongana, na mwanamke akicheka. Karani akakata haraka.

Mama akakaza kitenge chake kiunoni, akatoka kutafuta taksi ya kwenda mpakani.

Karani hakukosea tafsiri. Neno hilo husema mtu amekwama. Halisemi kama anataka kukwamuliwa.